Mgeni Asije, Mwenyeji Apone

Kila aliyesoma Kiswahili shule ya msingi amewahi kuipachika methali hii kwenye insha, iwe inafaa au haifai: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalimu wetu alitufafanulia kwamba mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa akila mchicha kutwa naye hupata paja. Tukacheka, tukaiandika, tukapewa vema.

Machi 2020 tukaipindua. Mgeni asije, ndipo mwenyeji apone. Hatukuipindua kwa ujinga. Virusi vilikuwa vinasafiri ndani ya watu, na anayekupenda ndiye aliyeweza zaidi kukuletea, kwa kuwa ndiye anayekukaribia. Nisieleweke vibaya, mimi si katika wale wanaosema tulidanganywa na kwamba barakoa zilikuwa biashara ya wakubwa. Niliandika habari za wodi zilizojaa. Najua watu walikufa. Swali langu ni jingine, na limenikaa tangu wakati ule: tulipomzuia mgeni, mwenyeji alikosa nini hasa kilichokuwa kikimponya? Maana kuku, tukisema ukweli, wengine waliendelea kula.

Tarehe 6 Mei 2020 serikali ya Kenya ilifunga sehemu mbili kwa mpigo: Eastleigh huku Nairobi, na Mji wa Kale kule Mombasa. Hakuna kuingia wala kutoka. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mamangu anaishi Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Mimi nilikuwa Nairobi, ambako nako kulikuwa kumefungwa tangu tarehe 6 Aprili. Misikiti ilifungwa, tarawehe zikaswaliwa sebuleni, na zile sahani za futari ambazo kwa kawaida huvuka kichochoro zikiwa zimefunikwa kawa zikabaki jikoni kwa mwenyewe.

Mama hakulalamika sana kuhusu futari. Alilalamikia baraza.

Kama hujafika Mji wa Kale: baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba, mbele ya mlango, wanakokaa wazee (wanaume, tuseme wazi) na kikombe cha kahawa chungu, wakizungumza siasa, mpira na maisha ya watu. Sisi wasichana tuliokulia mitaa ile tunaijua baraza kwa upande wake wa pili. Huwezi kupita saa tatu usiku bila kuhesabiwa. Ukishuka kwenye tuktuk ya mtu wasiyemjua, habari inafika ngazini kwenu kabla yako. Nilipopata kazi Nairobi na kupanga chumba kwenye fleti ya ghorofa tano huko Umoja, furaha yangu kubwa haikuwa mshahara. Ni kwamba hakuna aliyejali nimerudi saa ngapi.

Sasa mama ananiambia kwenye simu kwamba baraza ni tupu, siku ya tatu hii mzee fulani wa nyumba ya pili hajaonekana, na hakuna wa kujua kama hajaonekana kwa sababu ya amri au kwa sababu nyingine. Zamani kutoonekana kulikuwa habari. Wakati ule kutoonekana kukawa utiifu. (Mzee alikuwa salama, alikuwa amegundua filamu za Kihindi kwenye simu ya mjukuu wake.)

Mwanzoni mwa janga wataalamu wengi walionya kwamba karantini, hofu na kupotea kwa kazi vingefuatwa na wimbi la watu kujitoa uhai. Wimbi hilo halikuja kama lilivyotabiriwa. Utafiti uliokusanya takwimu za nchi 21, nyingi zikiwa nchi tajiri, uliochapishwa 2021, ulikuta kwamba katika miezi ya kwanza idadi haikupanda, na mahali pengine ilishuka. Tulikubali hilo hata kama linaharibu insha nzuri. Kukaa ndani peke yake, kwenyewe, hakumuui mtu.

Japani inafundisha zaidi, kwa sababu kule hesabu ya vifo hivi hutolewa kila mwezi. Kuanzia Februari hadi Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa na hali ya dharura imetangazwa, idadi ilishuka kwa asilimia 14 hivi. Kuanzia Julai hadi Oktoba, watu wakiwa wameanza kurudi mitaani, ikapanda kwa asilimia 16. Kwa wanawake ilipanda kwa asilimia 37, na kwa watoto na vijana wadogo asilimia 49. Mwaka ulipofungwa walikuwa wamekufa watu 21,081, na ilikuwa mara ya kwanza kwa idadi ya mwaka kupanda baada ya miaka kumi ya kushuka. Februari 2021 Japani ikateua waziri wa kushughulikia upweke. Uingereza ilikuwa na wake tangu 2018. Nilipomweleza mzee mmoja wa Mombasa habari ya mawaziri hawa, aliniuliza kwa dhati kabisa: "Sasa mwanangu, huyo waziri atakuwa akizunguka kwa watu kunywa kahawa?"

Watafiti walitaja sababu kadhaa. Mwanzoni serikali ya Japani iligawa pesa, saa za kazi zikapungua, watoto wakapumzika na presha ya shule. Baadaye ajira za muda, ambazo nyingi hushikwa na wanawake, zikakauka. Nazikubali zote. Lakini katika zile nambari naona kitu kingine pia, ambacho Émile Durkheim alikwisha kukigusa mwaka 1897 alipoandika kwamba vita na misukosuko ya kitaifa hupunguza vifo vya kujiua kwa sababu huwavuta watu pamoja. Watu walivumilia wakati kila mtu amefungiwa. Ugumu ulikuja pale wengine walipotoka, wakarudi kazini, wakapiga picha za chakula, na wewe ukabaki ulipo. Kwa hiyo upweke wa kuua, nadhani, unahusu nafasi kuliko idadi ya watu waliokuzunguka. Ni kuishi mahali ambapo usipokuwepo hakuna pengo.

Kwetu Kenya hesabu zenyewe ni za kubahatisha. Julai 2021 idara ya upelelezi wa jinai ilitangaza kwamba karibu watu 500 walikuwa wamejitoa uhai katika miezi mitatu iliyoishia Juni, wengi kuliko mwaka mzima wa 2020. Mdogo wao alikuwa na miaka 9. Hivyo ni vifo vilivyofika polisi, na kila mwandishi wa habari wa nchi hii anajua vingapi haviendi huko. Familia husema ni presha, au ni ajali, au aliugua ghafla. Nani atawalaumu? Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Yaani mtu ananusurika, anafumbua macho hospitalini, na karibu na kitanda kuna askari mwenye daftari. Kifungu hicho kilidumu mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na wengine. Miaka yote ya kafyu, basi, sheria ilikuwa inamwambia aliyekata tamaa asithubutu kusema.

Na si sheria peke yake. Hata falsafa, ninayoipenda, swali hili imelielekeza upande uleule mmoja. Kant alisema hapana, mtu anayejiua anajitumia kama chombo. Hume aliandika insha ya kutetea upande wa pili, akaiondoa kwa mchapishaji kabla haijatoka. Camus, mwaka 1942, akalifanya kuwa swali la kwanza kabisa la falsafa: je, maisha yanastahili kuishiwa au la? Wanatofautiana katika majibu, lakini wote wanamuuliza mtu mmoja aliye ndani ya chumba. Una haki? Una sababu? Maisha yako yana maana? Nimeyasoma maandiko haya kwa heshima zake na kila mara nikatamani mtu afungue mlango, atoke ukumbini, awaulize walioko huko.

Sisi wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tuna ushahidi wetu wenyewe. Euphrase Kezilahabi alifariki tarehe 9 Januari 2020, majuma machache kabla dunia haijafungwa. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), inamwona Rosa akijiua. Kichwamaji (1974) inaishia kwa Kazimoto kujiua. Chuoni tulifundishwa kumuweka Kazimoto kwenye kabati lililoandikwa "udhanaishi": msomi aliyetazama maisha akakuta hayana maana. Ni sawa, mtihani utapita. Ila niliisoma tena Kichwamaji wakati wa kafyu, nje kukiwa kimya kuanzia saa moja jioni, na kilichonishangaza ni watu. Riwaya imejaa watu! Kuna wazazi, kuna marafiki, kuna mke, kuna wanakijiji. Rosa naye ana mama, ana wadogo zake, ana baba mkali anayemlinda mpaka analiharibu lile analolilinda. Hakuna karantini katika vitabu hivi. Rosa alitazamwa maisha yake yote. Alitazamwa na baba, na shule, na kijiji, na mchumba aliyetaka kujua habari zake za nyuma. Macho yote yale na hakuna aliyemuuliza, binti, wewe mwenyewe uko vipi?

Kwa hiyo siwezi kuisifu baraza kirahisi. Macho ya watu yanaweza kuwa sehemu ya kinachoua, na msichana yeyote wa mtaani kwetu angenicheka nikidai vinginevyo.

Basi nieleze habari ya fleti yetu Umoja. Ghorofa ya tatu alikaa mwalimu wa shule ya binafsi, mtu wa kupiga mluzi kwenye ngazi, mluzi mbaya kabisa. Shule zilipofungwa katikati ya Machi mishahara ya walimu wengi wa binafsi ilikatika, na yake ikiwemo. Zingefunguliwa kikamilifu Januari 2021, lakini hilo hakuna aliyelijua. Kufikia Juni mluzi ulikuwa haupo. Sote tulikuwa na sababu nzuri za kutobisha mlango wake: afya, sheria, adabu za mjini. Fleti haina baraza. Ilikuwa ndiyo raha yake.

Aliyeona ni mama mboga aliyekuwa na kibanda langoni. Hakuwa rafiki yake. Alijua tu kwamba mwalimu huchukua sukuma ya bob ishirini kila jioni, iliyokatwa tayari, na kwamba ilikuwa siku ya nne hajaja na hajaonekana akipita. Akapanda ngazi, barakoa kidevuni, akabisha. Kimya. Akabisha tena. Alipobisha mara ya tano, hivi, akaanza kupaza sauti mpaka wapangaji wa ghorofa mbili wakasikia: "Mwalimu! Ile arobaini yangu ya wiki jana sijaiona!"

Mwalimu hakuwa na deni lolote. Alikuwa mtu wa kulipa papo hapo, na alijivunia hilo. Alifungua mlango kwa sababu alikasirika. Wakabishana pale kama robo saa, yeye akiapa kwamba hadaiwi, mama mboga akiapa kwamba anadai, mpaka ikaishia kwa mama mboga kusema haya, tuyaache, shika hii sukuma, utanilipa kesho yote pamoja. Kesho yake akamletea daftari la madeni. Akamwambia mwandiko wake mwenyewe hausomeki na macho yamechoka, amsaidie kulinakili. Lilikuwa daftari nene. Nusu ya fleti ilikuwemo, nami nikiwemo.

Miezi mingi baadaye mwalimu mwenyewe ndiye aliyenieleza, na ameniruhusu kuandika mradi nisimtaje yeye wala shule, kwamba siku ile mlango ulipobishwa alikuwa amekwisha kuamua. Nilimuuliza ni nini kilichobadilika. Alifikiri kidogo, kisha akasema aliona uchungu kwamba angekufa na watu wakabaki kusema amekimbia deni la mboga. Tulicheka wote wawili, halafu tukanyamaza. Baadaye alipata msaada wa daktari na wa mshauri nasaha. Nalitaja hili kusudi, asije mtu akasoma hapa akadhani sukuma wiki inatibu ugonjwa wa akili.

Mama mboga alidanganya. Kant, ambaye aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni kumtafuta rafiki yako hupaswi kumwambia uongo, asingempitisha. Mimi nampitisha, lakini kinachonisumbua zaidi ni ule mlango wenyewe. Nimelelewa kwamba hodi ni mara tatu, na ukikosa jibu unarudi ulikotoka bila kinyongo. Ni katika adabu nzuri tulizo nazo, na dini inaziunga mkono. Zinasema kwamba nyumba ya mtu ni ya mtu, na ana haki ya kutokuwa na hamu na wewe leo. Mimi niliyekimbia baraza naipenda sana haki hiyo. Mtu anayesoma na kuandika hawezi kuishi bila mlango unaofungika.

Lakini adabu ya hodi tatu ilizaliwa katika nyumba zenye watu. Ukiondoka wewe, ndani amebaki shangazi, amebaki mtoto, kuna atakayemwona mwenye nyumba amelala kupita kiasi. Kimya cha nyumba ya watu kumi kinamaanisha hawataki kukuona. Kimya cha chumba kimoja kwenye ghorofa ya tatu kinaweza kumaanisha hivyohivyo, na kinaweza kumaanisha jambo jingine kabisa, na aliye nje hana njia ya kutofautisha ila kubisha tena. Kwa hiyo nakubali kwamba kuna wakati wa kuivunja adabu, na kwamba atakayeivunja mara nyingi ataonekana mpuuzi. Atakuta mtu anatazama filamu za Kihindi. Atatukanwa. Hiyo ndiyo gharama yake, na ni ndogo. Sijui ni nani alitufundisha kuiogopa kiasi hiki.

Lazima niseme jambo kwa wale waliofiwa, kwa sababu hoja kama hii huwaangukia wao kwanza. Katika kazi yangu nilifika kwenye maziko ya kijana mmoja wakati ule ambao waombolezaji hawakuruhusiwa kuzidi 15. Hakuna matanga, hakuna kulala kwa wafiwa. Mama yake aliniuliza, mimi mgeni nisiyemjua, kama angepiga simu jioni ile ingekuwaje. Sikuwa na jibu na sina hata sasa. Ninaloweza kusema ni kwamba uhai wa mtu haukuning'inia kwenye simu moja, na hakuna mama anayeweza peke yake kuwa baraza, ploti na mama mboga. Kazi hiyo hugawanywa kwa watu wengi, wengi wao wasiojua kwamba wanaifanya. Mwaka ule tuliwatoa karibu wote kwa siku moja. Tulikuwa na sababu. Tungeweza pia, wakati tunaorodhesha huduma muhimu za kuruhusiwa kuendelea, kukumbuka kwamba kutazamana ni mojawapo.

Na lugha yetu haitusaidii sana. Hujambo maana yake huna jambo? Na jibu limeandaliwa: sijambo. Hata aliyefiwa jana hujibu sijambo kwanza, kisha ndipo habari itoke, kama atapewa nafasi. Kumuuliza mtu waziwazi, unafikiria kujiua?, kwa Kiswahili kunasikika kama kumtusi au kumwapiza. Wengi tunaogopa kwamba tukilitamka tutalipanda. Wataalamu wa afya ya akili wanasema sivyo: kuuliza hakupandikizi wazo, na mara nyingi humpa mtu nafuu ya kwanza, kwamba hatimaye kuna aliyelitaja. Kama wewe unayesoma ndiye uliye ndani ya chumba, Msalaba Mwekundu hapa Kenya wana namba ya bure, 1199. Na kama una jirani mwenye mdomo mkubwa, mfungulie.

Mwaka jana nilimpitia mama mboga, bado yuko langoni pale, nikamuuliza angefanya nini kama mwalimu asingefungua. Alikuwa anakata sukuma, hakuinua macho.

"Ningeita fundi avunje kitasa, dadangu," akasema. "Na hicho kitasa pia ningemdai."